Matone Themanini na Matatu

Jumapili, 2 Machi

Binti yangu mkubwa amekuja leo na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Nikadhani ameninunulia redio. Kufungua, ndani kuna vitu vitano vyeupe kama pamba iliyochambuliwa, vinatweta.

"Mama, usishtuke, hawa ni kuku."

Wanaitwa silki, yaani hariri. Majike manne na jogoo mmoja. Mwenye nyumba wake mpya hataki mfugo wa aina yoyote, kwa hiyo naachiwa mimi mpaka mvua ziishe. Amenipa na daftari hili. "Andika kila kitu, mama. Wakila, wakitaga, wakiumwa." Nimemwambia mimi shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu. Akasema basi wewe ndiye unayefaa.

Naandika. Wamekula.

Jumatatu, 3 Machi

Nimewakagua vizuri. Chini ya manyoya ngozi nyeusi tii, kama sufuria ya kuni. Vidole vitano kila mguu, wakati kuku wangu wana vinne. Hawarukii kwenye mti wa kulalia. Jua likizama wanajirundika sakafuni kwenye kona, kama nguo zinazosubiri kufuliwa. Kishungi kimewafunika macho hata punje iliyo mbele yao hawaioni.

Kuku wangu wa kienyeji kumi na wawili wamewatazama, halafu yule jike mkubwa kibogoyo wa mkia akamfuata mmoja, akamdonoa kishungi mpaka damu ikatoka. Bata wanne wao hawana habari na mtu. Baba watoto ameacha kiatu cha mteja, akafunga wavu katikati ya banda. Mimi nimechukua mkasi wake nikawapunguza nywele za machoni. Sijawahi kunyoa kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Kuku wengine maji yanateleza mgongoni, lakini hawa wa pamba wanalowa mpaka ndani kama tambara la deki. Nimewakausha mmoja mmoja karibu na jiko. Kitindamimba wangu amechelewa shule kwa kuwashika.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Yai moja, dogo, la rangi ya maziwa.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeumia moyo, na aliyeniumiza ni mtu wangu.

Mshonaji wa mlango wa pili ni jirani yangu mwaka wa kumi na mmoja huu. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua kitindamimba. Nilikuwa bombani na ndoo zangu, wanawake wamejaa foleni, akaja akicheka tangu mbali.

"Jamani, mmeona kuku wa mwenzangu? Ni kuku au ni mto umepasuka?"

Wote wakaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Akaongeza, "Na ndani ni weusi, nimeambiwa. Huyo hata ukimchinja hujui kama ameungua au bado mbichi." Hapo muuza mkaa, ambaye huwa hacheki na mtu, akaweka gunia chini akaniuliza kama ni kweli nyama yao nyeusi. Nikasema sijamla. Akasema nyama nyeusi ina kazi zake, nikitaka kuuza nimwambie yeye kwanza. Alivyoniangalia sikupenda. Nimerudi na ndoo nusu.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimechanja kuku. Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu niliambiwa niandike kila kitu.

Dawa ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wakati wa mvua, inauzwa kwenye kichupa. Kidogo kuliko vyote kinatosha kuku mia. Ukishaichanganya na maji haikai, lazima iishe siku ile ile. Hapa uchochoroni hakuna mwenye kuku mia, kwa hiyo tumezoea hivi: mwaka huu nanunua mimi, mwaka unaofuata mshonaji. Aliyenunua anagonga sufuria asubuhi kabla watu hawajafungulia kuku wao, wanakuja na matenga, mmoja anashika, mwingine anadondosha tone jichoni. Kuku wote wa uchochoro huu hawafiki sabini. Wanaenea wote na dawa inabaki.

Mwaka huu ni zamu yangu.

Nilikuwa na sufuria mkononi, kweli kabisa. Lakini binti alikuwa ameniambia kwenye simu, "Mama, usiingize kuku wa watu humo ndani, hawa wangu ni wepesi kushika magonjwa." Nikajiambia basi niwafuate majumbani. Nikatazama mvua. Nikakumbuka foleni ya bombani. Nikasema moyoni, waliocheka waje wenyewe kuniuliza.

Nimechanja kumi na saba. Wangu kumi na wawili, wa pamba watano. Bata, muuza dawa alisema niwaache. Baba watoto alishika, mimi nikadondosha. Akaniuliza, "Hugongi?" Nikasema kesho. Akaniangalia, kwa sababu dawa haina kesho.

Mchana nikaimimina chooni. Matone themanini na matatu. Nikatupa na kichupa humo humo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mayai mawili. Ukuta wa nyuma umeota ukungu wa kijani. Mshonaji amepita akanirushia utani, nikamjibu kwa mkato. Akasema, "Umenuna na nani leo, dada?" Nikasema na mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Jogoo wa pamba amejifunza kuwika, anaishia katikati kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Tumecheka.

Jumatatu, 31 Machi

Asubuhi mshonaji amekuja na jike mmoja amemkumbatia kwenye kitambaa. Shingo imepinda, kichwa kinaangalia juu. Kinyesi cha kijani kimemchafua gauni.

"Mwenzangu, hebu niangalizie."

Sikuhitaji kuangalia. Akaniuliza, "Mwaka huu ulipata ile dawa? Maana sikusikia sufuria."

Nilikuwa na nafasi hapo, ya kutosha kabisa. Ningesema nilipata, nikawachanja wangu, nisamehe. Mdomo wangu ukasema, "Bado sijaenda. Mvua hizi."

"Basi ngoja niende mimi leo hii."

Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, amelowa mpaka kwenye mifupa. Muuza dawa alimwambia kideri kikishaingia bandani tone halisaidii, ila ajaribu. Tulizunguka pamoja nyumba hadi nyumba, mimi nashika, yeye anadondosha. Alipofika bandani kwangu akachanja na wangu. Niliwashika kuku waliokwisha kuchanjwa nikawafungulia macho, na sikusema neno.

Jumatano, 2 Aprili

Watano kwa mshonaji. Watatu kwa muuza mkaa.

Ijumaa, 4 Aprili

Sitaki kuhesabu tena. Uchochoro unanuka manyoya yanayochomwa, na kwa mvua hii hayaungui vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Mshonaji amebaki na tenga tupu. Walikuwa kumi na wanane. Mayai yao ndiyo yalikuwa karo ya mwanawe. Nimekwenda kumpa pole, nimekaa naye. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Akasema, "Wako wazima?"

"Wazima."

"Wote?"

"Wote."

"Hata wale wa pamba?"

"Hata wao."

Akasogeza tenga tupu kwa mguu. Halafu akasema, "Una bahati, dada." Hakuitamka kama pongezi.

Jumatano, 9 Aprili

Muuza mkaa kasimama mlangoni kwetu, hakuingia. Kapoteza tisa. Akamwuliza baba watoto, "Fundi, nyie mlichanja lini?"

Baba watoto akaendelea kupiga msumari. "Siku mliyochanja wote."

"Sisi tumechanja siku hiyo hiyo na tumekwisha. Nyie hata unyoya haukudondoka."

"Ndivyo ilivyotokea."

"Haitokei hivyo, fundi. Tangu waingie hao weusi mliowavalisha nyeupe, ndio kuku wetu wanakufa. Kuna kitu kinachukua huku kinapeleka huko."

Akaondoka. Baba watoto alijigonga kidole. Miaka ishirini sijamwona akijigonga.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Bombani foleni ilinipisha. Watu saba walisogea nikachota wa kwanza. Hakuna aliyenisemesha. Afadhali wangenitukana.

Jumamosi, 12 Aprili

Kitindamimba amerudi kutoka kucheza, viatu mkononi, tope mpaka kifuani. Wenzake wamemwambia avue, wahesabu kama na yeye ana kidole cha ziada kama wale kuku. Ana miaka tisa. Akanionyesha mguu. "Mama, si vitano? Si kila mtu ana vitano?" Nikamwosha. Nikahesabu naye mara tatu mpaka akacheka, nikaenda kulia jikoni.

Uongo ni wangu, lakini mguu uliohesabiwa ni wake.

Jumanne, 15 Aprili

Jike mmoja wa pamba amekutwa kwenye mfereji mbele ya geti, kapigwa jiwe kichwani. Wavu umekatwa kwa kisu. Kalowa, kawa mdogo, sikujua chini ya manyoya yale walikuwa wadogo hivyo. Kitindamimba amemwona kabla yangu.

Nimempigia binti simu. Nimesema kafa. Sikusema kwa nini. Akaniuliza, "Umeandika, mama?" Nimeandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimemwambia baba watoto kwamba nataka kusema.

"Kusema nini?"

"Kwamba tulichanja tarehe kumi na moja. Kwamba dawa niliimwaga."

Akaweka nyundo chini. "Sasa hivi wanadhani una kitu. Wanakuogopa, hawakugusi. Ukisema, watajua huna kitu. Watajua ulikuwa na dawa yao ukaimwaga chooni kwa ajili ya mzaha wa bombani. Unafikiri ipi wataisahau upesi?"

"Na mtoto?"

Akageukia kiatu. Akachukua nyundo. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilishika wale kuku. Ulivyosema kesho nilijua. Nami nilinyamaza. Usijibebeshe peke yako."

Tangu anioe hajawahi kusema maneno mengi hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Wamekuja saa nne asubuhi. Mwenyekiti wa uchochoro mbele na mwavuli, muuza mkaa na gunia tupu na chupa ya mafuta ya taa, nyuma yao watu kama kumi na watano. Mshonaji alikuwa wa mwisho, kajifunga kitambaa kichwani kama mtu wa msibani.

Mwenyekiti ni mtu mpole, hapendi makuu. Akasema, "Mama, hatukuja kwa shari. Watu wameomba hao ndege waondoke. Watachomwa nje huko, si mbele ya mtoto. Wako wengine hakuna atakayewagusa."

Kitindamimba alikuwa ndani ya banda kakaa chini, kawakusanya wote wanne mapajani. Muuza mkaa akafungua mdomo wa gunia akamwambia, "Toka, binti." Kitindamimba hakutoka. Akasema, "Babu, hawa hata kuona hawaoni. Watawarogaje watu?" Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia.

Muuza mkaa akainama aingie.

Nikasema, "Msiwaguse. Hawana kosa. Wenye kosa tuko hapa."

Sauti haikuwa kubwa, lakini mvua ilikuwa imekatika kidogo, wote wakasikia. Nikasema yote. Nilianza na tarehe. Kichupa cha kuku mia. Sufuria niliyoshika nikaiweka. Mzaha wa bombani, nikautaja, na nilipoutaja mbele ya watu wale nikaona ulivyo mdogo. Nikasema nilichanja kumi na saba, nikamwaga iliyobaki. Nikasema mshonaji aliponiuliza nilimwambia sijanunua, na siku tuliyozunguka nyumba zenu nilikuwa nawashikia kuku nikijua tumechelewa.

Baba watoto akaja akasimama pembeni yangu. "Na mimi nilikuwepo," akasema.

Muuza mkaa alibaki kainama, gunia mkononi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyejiandaa kunyanyua mzigo mzito, akakuta mwepesi. Akanyooka. Akasema, "Kumbe ni roho mbaya tu." Akakunja gunia vizuri, mara mbili, akaliweka kwapani. "Roho mbaya ya kawaida."

Akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mwenyekiti alitaka kusema neno, akafungua mwavuli badala yake, ingawa mvua haikuwepo.

Akabaki mshonaji.

"Walikuwa kumi na wanane," akasema.

"Najua."

"Wangeenea?"

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka sana.

"Wangeenea wote," nikasema. "Na ingebaki."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitambaa akakuta kimepungua. Akaenda zake. Mlango wake haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na komeo nikalisikia.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Bombani leo hawakunipisha. Nimesubiri foleni kama mtu yeyote, na hakuna aliyejibu salamu yangu.

Jumatano, 23 Aprili

Kitindamimba amecheza nje mpaka jioni. Hakuna aliyemgusa. Nimewahesabu wa pamba: wanne.

Jumapili, 27 Aprili

Binti ameniambia kwenye simu atakuja kuwachukua wiki ijayo, amepata rafiki mwenye uwanja. Nimemsimulia yote. Akasema, "Mama, mimi nilikuambia usiingize kuku wa watu. Sikukuambia ufunge mlango." Kisha akalia, nikalia na mimi.

Jike mmoja wa pamba haondoki kwenye kiota tangu jana. Hana hata yai, kalalia majani matupu. Ukimsogeza ananguruma.

Jumanne, 29 Aprili

Mshonaji amegonga geti. Siku tisa. Nilimwaga chai kwa haraka ya kufungua.

Hakuingia. Kashika bakuli limefunikwa kitambaa cha gauni la mteja. Aliongea akiangalia bakuli.

"Dada yangu amenipa mayai sita yenye mbegu. Sina kuku wa kuyaatamia. Nimesikia mmoja wa pamba kalala."

"Kalala."

"Sikuja kwa maneno."

"Nimeelewa."

"Yakianguliwa uniletee. Yasipoanguliwa pia unijulishe." Akanipa bakuli, akachukua kitambaa.

Yule jike aliyapokea kwa mdomo, moja moja, akayasukuma chini ya manyoya yote sita mpaka hayaonekani. Nimempigia binti nikamwambia awachukue watatu, huyu mmoja simtoi hapa kwa lolote.

Jumapili, 4 Mei

Binti amewachukua watatu. Mvua. Aliyebaki hajala, nimempelekea mtama kiotani.

Jumanne, 6 Mei

Nimeyamulika kwa tochi gizani chini ya kitanda. Mawili yana mishipa. Mengine manne siyaelewi. Baba watoto anasema ni macho yangu.

Jumanne, 13 Mei

Mvua ya upepo, bati la banda limeinuka. Nimekaa na jike chini ya turubai asubuhi nzima. Amekonda, kifua kama kisu. Nikimshika nasikia mifupa tu na joto.

Jumatatu, 19 Mei

Kuku wangu yule kibogoyo wa mkia naye ameangua, tisa. Yai la mshonaji moja limeanza kulia kwa ndani.

Jumatano, 21 Mei

Wawili. Siku zimetimia na kupita. Yale manne ni baridi, nimeyatikisa sikioni, yanacheza maji.

Baba watoto alisimama mlangoni mwa banda muda mrefu. Akasema, "Yule mwingine ana tisa, wa juzi tu. Chukua wanne, weka na hawa. Nani atajua?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka nisiende kule na wawili mkononi. Nami niliwashika, siwezi kujificha kwenye daftari langu mwenyewe. Niliwatoa wanne nikawaweka kwenye tenga na wale wawili. Walikuwa sawasawa. Sita, kama mayai aliyoleta. Mtu angeona sita angefurahi, na mimi ningepumua.

Kitindamimba akaja akahesabu. "Mama, wameanguliwa wote!"

Nikamwambia mikono yake ni michafu. Nikasubiri aende kunawa, nikawarudisha wanne kwa mama yao.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kubwa kuliko zote mwaka huu, wakati tulidhani zimekwisha. Sikutaka kungoja ikatike, maana nilijijua. Nimefunika tenga kwa khanga nikavuka.

Nimebisha hodi mara mbili. Cherehani ikanyamaza ndani. Komeo likafunguka. Mshonaji akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akaniangalia mimi, akaangalia tenga.

Nikafunua. Vifaranga wawili wa manjano, na pembeni yao mayai manne.

"Haya ya nini?" akauliza.

"Hayakuanguliwa."

"Ungeyatupa. Yananuka haya."

"Nimekuletea vyote."

Akachukua yai moja, akalitikisa sikioni kama nilivyofanya mimi. Akalirudisha. Akachukua la pili, la tatu, la nne, hakuruka hata moja. Maji yalikuwa yananishuka usoni na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Akawagusa vifaranga kwa kidole, mmoja, na wa pili. Akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, na uso wake haukuwa na kicheko wala haukuwa na huruma.

"Ingia," akasema. "Vifaranga wanalowa."

Nimeingia.